Pijo ya Iyolwa na deni la nauli

Zamu ya kuandika insha ya historia imetufikia. Wengi mlitarajia tuandike juu ya Mulanda, maana tulitangaza kwamba tunakwenda huko. Ni kweli tulikwenda. Lakini tumerudi na gari la Kifaransa kichwani na halitoki, kwa hiyo mtuvumilie.

Kwa wale msiojua: baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 27, 2007, nchi iliwaka moto. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, mamia ya maelfu wakahama makwao, na maelfu wakavuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Wengi walipelekwa kituo cha muda cha Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye waliobaki wakahamishiwa Kiryandongo. Sisi tunaoandika tulikuwa watoto wadogo siku hizo. Tunachokumbuka ni vipande vipande tu: kelele, vumbi, uji wa kwenye kikombe cha plastiki.

Mama wa mwenzetu mmoja anakumbuka zaidi. Alivuka Busia kwa miguu na watoto watatu na begi moja. Upande wa pili alikuta gari refu la rangi ya maziwa, Peugeot 504, ile tunayoiita Pijo, na dereva mtu mzima kutoka Iyolwa. Siku hizo petroli ilikuwa imeadimika Uganda nzima, kwa sababu mafuta ya Uganda hupitia Kenya, na Kenya barabara na reli zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo nauli ilikuwa imepanda, na mama hakuwa nayo. Dereva akamwambia, "Panda mama, utanilipa ukitulia." Aliwapeleka mpaka kwake Iyolwa, wakalala uani usiku mbili, kisha wakafika Mulanda. Mama hakurudi kulipa. Kila mwaka Januari ikifika anataja hilo deni. Mwaka huu akatupa pesa mkononi na kusema nendeni.

Basi tukaenda Iyolwa, tukaulizia mzee mwenye Pijo. Hatukuhangaika sana, kila mtu alimjua. Lakini tulichelewa: mzee alifariki miaka minne iliyopita. Tulimkuta mjane wake akianua mihogo, na nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, gari lenyewe. Halina magurudumu, limekaa juu ya mawe. Kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mbele, katikati ya chuma cha kuingizia hewa, bado kuna simba amesimama kwa miguu miwili, hana rangi tena.

"Hii gari ilikula pesa ya mzee, ikamkula mzee mwenyewe, sasa inakula mayai yangu," mama alisema, akacheka. Kisha akatwambia mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakuja kuliangalia, na atarudi Jumatatu na mizani. Bei ni ya kilo.

Tulikaa pale mpaka jioni. Usiku, Tororo mjini, tukaanza kubishana: huyu simba alifikaje Iyolwa? Na kwa nini gari hili, kati ya magari yote, ndilo lililojaa mpakani miaka ile? Tulichokipata ndicho hiki.

Tuanze mbali kidogo. Kuna sehemu ya Ufaransa ya mashariki inaitwa Montbéliard, karibu na Uswisi na Ujerumani. Ni nchi ya mpakani kama Busia. Kwa karne kadhaa haikuwa Ufaransa hata kidogo: ilikuwa mali ya watawala wa Württemberg, Wajerumani, na watu wake walikuwa Waprotestanti wa Kilutheri wakati Ufaransa ilikuwa ya Kikatoliki. Ufaransa iliichukua mwaka 1793, wakati wa mapinduzi yao. Familia ya Peugeot iliishi huko. Yaani hawa watu hawakuhama, mpaka ndio uliohama ukawapita juu.

Sisi wa huku tunalijua hilo. Kabla ya 1902 Kisumu, Nakuru na hata Naivasha zilihesabiwa kuwa Uganda. Kisha Waingereza wakahamisha mstari, na mtu aliyelala Uganda akaamka katika nchi ambayo leo ni Kenya, bila kufunga hata mzigo mmoja. Wazazi wetu walifukuzwa mashamba ya huko huko kwa kuambiwa si kwao. Lakini tusitoke nje ya mada.

Mwaka 1810 ndugu wawili, Jean-Pierre na Jean-Frédéric Peugeot, waligeuza kinu cha familia cha kusaga nafaka kikawa kiwanda cha chuma. Maji yaliyozungusha mawe ya unga sasa yakaendesha mashine za chuma. Walitengeneza misumeno, springi za saa, vyuma vya kutanua magauni ya wanawake. Mwaka 1840 wakaanza kutengeneza vinu vidogo vya kusaga kahawa kwa mkono. Hiyo kahawa muikumbuke, tutairudia.

Simba alianza kwenye misumeno. Alisajiliwa kuwa alama yao mwaka 1858, na maana yake ilikuwa kwamba msumeno wa Peugeot una meno makali kama ya simba, unapinda bila kuvunjika kama uti wa mgongo wake, na unakata upesi kama anavyoruka. Kwa hiyo yule simba wa kwenye Pijo ya Iyolwa ni simba wa fundi seremala, hahusiani na mbuga za kwetu. Tulikuwa tunadhani waliweka simba ili kuwafurahisha Waafrika. Tulijipa umuhimu bure.

Aliyeingiza familia kwenye magari ni Armand Peugeot. Kijana huyu alikaa Leeds, Uingereza, akaona viwanda vya huko na baiskeli, na aliporudi akawasukuma wenzake, na mwaka 1882 kiwanda kikaanza kutengeneza baiskeli. Hapa tulicheka, kwa sababu Busia ndiko lilikozaliwa jina bodaboda. Kati ya ofisi ya Kenya na ofisi ya Uganda kulikuwa na kipande cha njia ambacho magari hayakuwa yakibeba abiria, na vijana wenye baiskeli wakakigeuza kuwa ajira, wakiita wateja "boda, boda", mpaka kwa mpaka. Leo ni pikipiki na jina limezunguka Afrika Mashariki nzima. Kampuni ya Armand na vijana wa Busia, wote walianza kwa pedali.

Mwaka 1889, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, yale yaliyojengewa Mnara wa Eiffel, Armand alionyesha gari la magurudumu matatu la mvuke alilotengeneza na Léon Serpollet. Halikumfaa. Mvuke unataka tangi la kuchemshia, maji, moto, na subira. Mwaka uliofuata akaingia kwenye petroli, akitumia injini ya muundo wa Daimler, Mjerumani, iliyokuwa ikitengenezwa Ufaransa na kampuni ya Panhard na Levassor. Yaani injini ya kwanza ya petroli ya Peugeot haikuwa ya Peugeot. Tunasema hivi si kwa kuwadharau. Ndivyo ufundi unavyoanza: unachukua kilichopo.

Safari tunayoipenda kuliko zote ni ya Septemba 1891. Kulikuwa na mashindano ya baiskeli kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Armand akatuma watu wawili, Auguste Doriot na Louis Rigoulot, waendeshe gari kutoka kiwandani mpaka Paris, wafuate njia ya mashindano, kisha warudi nyumbani. Zaidi ya kilomita 2,000 kwa jumla, wakati ambapo hapakuwa na kituo kimoja cha mafuta duniani. Karibu na Morlaix gari likaharibika upande wa gia za nyuma. Wakapoteza siku nzima wakilitengeneza kwa vifaa vya kuazima kwa fundi viatu. Walifika Brest nyuma ya Charles Terront, yule mwendesha baiskeli aliyeshinda. Lakini walifika, na watu walijaa barabarani usiku kuwaona.

Gari la kwanza la Peugeot kufanya safari ndefu lilishindwa na baiskeli na likaokolewa na fundi viatu! Tulipomsimulia fundi mmoja wa Tororo hakushangaa hata kidogo. Alisema yeye ameshatengeneza gasketi ya Pijo kwa boksi la biskuti.

Miaka iliyofuata mambo yakaenda haraka. Mwaka 1894, kwenye mashindano ya Paris hadi Rouen, zawadi ya kwanza waligawana Peugeot na Panhard. Mwaka 1895 ndugu wawili Michelin waliendesha gari lenye injini ya Daimler, waliloliita Radi, likiwa na tairi za kujaza upepo, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwenye gari katika mashindano, na wakaziba pancha njia nzima. Mwaka 1896 Armand akagombana na upande wa binamu yake Eugène, ambao hawakutaka kutumbukiza pesa zote kwenye magari. Akatoka, akafungua kampuni yake Audincourt. Walirudiana mwaka 1910. Mwaka 1912 wakajenga kiwanda Sochaux, jirani na Montbéliard, na hicho ndicho kikawa kiini cha kampuni.

Kuhusu namba: kuanzia gari la 201 la mwaka 1929 waliweka sifuri katikati ya kila jina. Waliishikilia sana. Mwaka 1964 kampuni ya Porsche ilikuwa imeita gari lake jipya 901, Peugeot wakalalamika, na Porsche ikalazimika kubadilisha ikawa 911. Hata wenye gari ghali kama lile walinyang'anywa sifuri.

Sasa tunafika mahali ambapo tulikaa kimya, mezani pale Tororo, na chai ikapoa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani walikalia Ufaransa, na kiwanda cha Sochaux kikalazimishwa kufanya kazi kwa ajili ya jeshi lao. Usiku wa Julai 15 kuamkia 16, 1943, ndege za Uingereza zilikuja kukibomoa. Mabomu mengi yalianguka nje ya kiwanda, kwenye nyumba za watu. Raia zaidi ya 100 walikufa, na kiwanda kikaendelea na kazi. Hapo akatokea Harry Rée, mwalimu wa shule wa Kiingereza, ambaye mwanzoni mwa vita alikataa kupigana kwa sababu za dhamiri, lakini baadaye akawa mpelelezi katika milima ile ya mpakani. Alimwendea Rodolphe Peugeot, mmoja wa wenye kampuni, na pendekezo: tusaidie kukiharibu kiwanda chako mwenyewe kutoka ndani, ili ndege zisirudi. Peugeot akakubali. Novemba 1943 wafanyakazi waliingiza mabomu, wakalipua transfoma na mashine muhimu. Hakikuwa kiwanda kizima, ni vile viungo ambavyo bila hivyo kazi inasimama.

Mmoja wetu aliuliza: ungekubali? Umejenga kitu tangu babu wa babu yako, na njia ya kuokoa majirani ni kukilipua mwenyewe. Tulibishana mpaka mwenye hoteli akataka kufunga. Mwenzetu mwingine alisema wenye mali wa kwetu mwaka 2008 walifunga mageti tu. Hatutamtaja aliyekuwa na nani kichwani.

Lakini tusiwafanye malaika. Juni 1968 wafanyakazi wa Sochaux walikuwa kwenye mgomo. Juni 11 polisi waliingia kiwandani, na wafanyakazi wawili wakafa, Pierre Beylot, aliyepigwa risasi akiwa na umri wa miaka 24, na Henri Blanchet, aliyeanguka kutoka ukutani. Miaka 24 ni umri wetu. Migomo hiyo ya 1968 ndiyo iliyochelewesha gari jipya la kampuni, likatoka Septemba. Gari lenyewe ni 504.

Tangu hapo, kila tukiona 504, tunaona na hao wawili. Tena miaka hiyo Peugeot walikuwa wakiajiri kwa wingi wahamiaji: Waalgeria, Wamoroko, Waturuki, Wayugoslavia. Gari lililobeba wakimbizi wa Busia lilifungwa nati na watu waliokuwa mbali na kwao.

Afrika Mashariki Peugeot ilijulikana kabla ya 504, na aliyeitangaza ni tope. Mwaka 1953 wazungu wa Kenya walianzisha mbio za magari kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo zilizokuja kuitwa East African Safari. Zilifanywa wakati wa Pasaka, msimu wa masika, kwenye barabara za udongo, siku kadhaa usiku na mchana. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 404 ikashinda tena, safari hii na Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. Mwaka 1968 mvua ikazidi kipimo: yalianza magari 93, yakamaliza 7 tena, na wa kwanza wakawa tena Nowicki na Cliff kwenye 404. Ushindi mara nne katika miaka sita. Baadaye 504 ikashinda 1975 na 1978, ila wakati huo mbio zilikuwa za Kenya peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilivunjika mwaka 1977.

Nowicki alikuwa na asili ya Poland, na jina lake liliwapa wenzetu wa Kiryandongo kitu cha kusema. Wakati wa vita hiyo hiyo maelfu ya wakimbizi wa Poland waliletwa Afrika Mashariki, na kambi moja kubwa ilikuwa Nyabyeya, upande wa Masindi, si mbali na tunapoishi sisi. Kanisa lao la mawe bado lipo. Kama hamjawahi kwenda, nendeni. Ni vizuri kujua kwamba foleni ya mgao ilishawahi kuwa na wazungu.

Washindi wa Safari miaka hiyo hawakuwa Waafrika weusi. Weusi walikuwa wale wanaosukuma gari kutoka matopeni, na kwenye picha hawaandikwi majina. Kwa hiyo hatuamini sana hadithi kwamba Peugeot ilipendwa kwa sababu ya vikombe. Vikombe viliwauzia magari wakubwa wa serikali na wenye mashamba. Aliyemuuzia mzee wa Iyolwa ni fundi.

Yule fundi wa Tororo alitueleza hivi, na tumeandika alivyosema, tukanyoosha kidogo. Injini ya 404 na 504 ina silivu za maji. Silinda si tundu lililochimbwa moja kwa moja kwenye bloku, ni mrija wa chuma unaoingizwa, na maji ya rejeta yanazunguka nje yake. Magari mengine silinda ikiliwa, lazima upeleke bloku kwenye mashine ya kuchonga, na mashine hiyo iko Kampala au Nairobi. Pijo unachomoa silivu, unaweka mpya na pistoni yake, chini ya mti, jioni gari linaondoka. Pili, springi. Ile 504 ndefu ya safu tatu za viti imerefushwa sentimita 16 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na nyuma ina springi nne za koili. Kiwanda kiliitengenezea familia yenye watoto wengi. "Wafaransa walihesabu watu saba au nane," fundi alisema. "Sisi tulihesabu kumi na mbili, na ndizi juu."

Na tatu, ambalo yeye alilitaja mwisho lakini sisi tunaliweka mbele: vipuri vilikuwa karibu. 504 zilikuwa zikiunganishwa Mombasa kutoka vipande vilivyoletwa na meli, kazi iliyoendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nigeria nao walikuwa na kiwanda chao Kaduna tangu 1975. Ufaransa iliacha kutengeneza 504 ya saluni mwaka 1983, lakini huku gari lilikuwa bado kijana. Duniani zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Nairobi kwenda Kisumu, Nakuru, Eldoret, aliyetaka kufika haraka alipanda Pijo, akabanwa mlangoni na kreti za vifaranga.

Sasa ile kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, mkulima analipwa kidogo na kwa pesa isiyonunua kitu. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, bei ilikuwa nzuri. Kahawa ya Uganda ikaanza kuvuka usiku, kwa punda, kwa baiskeli, kwa vichwa vya watu, kwa gari. Soko la Chepkube, upande wa Mlima Elgon, likawa maarufu mwaka 1976 na 1977, watu wakatajirika kwa miezi. Mjane wa Iyolwa alituambia mumewe alianza kazi hapo, tanboi kwenye pikapu ya 404, kijana asiye na ndevu. Taa zimezimwa, yeye ametangulia kwa miguu mbele ya gari amevaa shati jeupe ili dereva amfuate gizani. Pesa hizo, na nyingine alizoweka kidogo kidogo miaka mingi, ndizo zilizonunua 504 mtumba kutoka Kenya.

Familia ya Peugeot ilitengeneza kinu cha kahawa mwaka 1840. Gari lao likabeba kahawa ya magendo kwenda kusagwa na watu ambao hawajui Chepkube iko wapi. Sisi tungependa kumuona Armand akielezwa hilo.

Kuanguka kwa Pijo hakuna hadithi kubwa. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika ya Kijapani yalimiminika Mombasa, Toyota ikawa rahisi kununua na rahisi kupata vipuri, na matatu za viti 14 zikachukua abiria. Fundi aliyejua silivu akazeeka. Mwaka 2017 Peugeot ilirudi Kenya, magari mapya yakaanza kuunganishwa Thika, na mwaka 2021 kampuni ikaingia kwenye muungano mkubwa unaoitwa Stellantis. Hizo mpya tumeziona barabarani. Ni nzuri, zina simba, lakini fundi wetu wa boksi la biskuti hawezi kuzigusa bila kompyuta.

Mzee wa Iyolwa hakuuza lake. Januari 2008, mjane alisema, alikuwa ameliegesha muda mrefu kwa kukosa pesa ya petroli. Aliposikia watu wanavuka Busia alikwenda kukopa petroli kwa galoni, kwa bei ya wazimu, akaenda. Alikwenda mara sita. Tulimuuliza mama kama alifanya hivyo kwa biashara au kwa huruma. Akatuangalia kama watoto. "Alikuwa dereva," alisema. "Watu walikuwa barabarani." Wengine walilipa, wengine hawakulipa, na deni la petroli lilimchukua karibu mwaka mzima kumaliza. Ndiyo maana alisema hii gari ilikula pesa.

Tukatoa ile bahasha. Mama alihesabu polepole, akauliza walikuwa wangapi. Tukamwambia mama na watoto watatu. Akauliza watoto walikuwa na umri gani, tukamwambia miaka tisa, sita na miwili. Akakaa kimya kidogo akifanya hesabu, akatoa nauli ya watu wazima mmoja na nusu mbili, kwa bei ya Januari ile, hakuongeza hata shilingi moja ya miaka iliyopita. Zilizobaki akazirudisha kwenye bahasha, na bahasha akaiweka mkononi mwa mwenzetu.

Mwenzetu akamwambia, mama, hujahesabu yule mdogo wa miaka miwili. Ni mimi.

"Wewe ulipakatwa," alisema. "Kwenye gari ya mzee, mtoto wa kupakatwa halipi."